Chuma cha Mjaka

Alinijia miguu mitupu, wakati wa vuli,
tope la Kinyasini limemfika magotini.
Nifulie upanga, Dadi.
Nikamuuliza: una nini cha kunipa?
Kuku wawili.
Akatoa mmoja kwapani.
Wa pili, alisema, angali yai.

Nikacheka. Na mimi nikishacheka, bei hunishinda.
Nilivukuta siku tatu.
Chuma kilikuwa cha nanga iliyookotwa pwani, kina chumvi ndani,
hakipendi moto, hakipendi maji, hakipendi mtu.
Nilipokichovya kilipiga ukelele
kama mtoto anayekatwa kitovu.
Mamake, msuka mikeka wa Mtambwe,
akakisukia ala ya ukindu;
ngozi wangeitoa wapi?

Mjaka bin Chumu, mtu wa ala ya ukindu.
Barazani kwa Diwani walimcheka
wakampa kazi ya kubeba makubadhi:
mlangoni hadi mkekani,
mkekani hadi mlangoni,
miaka minne.
Aliyajua kuliko mwenyewe mvaaji.
La kushoto limelika kisigino.

Usiku ule maharamia walipoingia kwa mkondo wa mikoko
wana wa wakubwa walikuwa wakitafuta vilemba vyao.
Mimi sikuwapo.
Wanaosema walikuwapo ni wengi kuliko waliokuwapo.
Ninalolijua ni hili: alfajiri aliniletea upanga una mapengo saba,
akaniomba niunoe, asiseme neno.
Nikayapapasa kwa kidole.
Mawili yalikuwa ya mfupa.

Diwani akampa bonde.
Kuanzia mkuyuni hadi maji ya chumvi yanapokomea:
mpunga, mifereji, watu na vyura.
Ndivyo ilivyosomwa. Watu baada ya mifereji.

Mwaka wa kwanza aliingia jarubani mwenyewe,
akapandikiza nasi, mgongo umepinda,
akachukua pishi moja katika kumi.
Mwaka wa pili alikaa juu ya tuta.
Wa tatu alikuwa na mtu wa kumshikia mwavuli.
Wa tano akaja na pishi mpya.
Ukiitazama kwa nje ni ileile,
ndani fundi ameichimba ikawa na tumbo.
Tukajaza. Haijai.
Tukajaza.

Hapo alikuwa Mwinyi. Jina la Mjaka lilikauka hata kinywani mwangu.
Na mtoto aliyembebea makubadhi
ni wa mwanangu Mchenga.
Akirudi nyumbani jioni hunieleza:
Babu, la kushoto limelika kisigino.

Siku moja akaja karakanani, upanga kauzonga hariri.
Nigeuzie uwe komeo la ghala.
Nikasema: Mwinyi, chuma hiki kina jina.
Akasema: na kina kutu.
Akawafukuza watu wake nje,
akachuchumaa, akashika mivukuto kwa mikono yake.
Hatukutazamana.
Nilipokichovya, mara hii, hakikulia.
Hilo ndilo lililonitisha.

Homa ya tumbo ilimkuta amekwisha kuwa mzee.
Akataka upanga.
Wanawe wakamletea zao, zenye mipini ya fedha.
Akatikisa kichwa.
Wakamletea mwengine. Akatikisa kichwa.
Mjukuu wangu ndiye aliyeelewa:
akakimbia ghalani, akalichomoa komeo,
akamlaza nalo kifuani.
Vidole vyake vikautafuta mpini pasipo na mpini,
vikautafuta,
vikatulia.

Usiku ule ghala lililala wazi.
Nakwambia, hapana aliyeiba.
Kila mtu alikwenda na pishi yake ya zamani, ile ndogo,
akapima, akasawazisha kwa kiganja,
akatoka kwa adabu kama atokaye msikitini.

Mimi sikuwa na mpunga mle.
Nilizunguka nyuma ya nyumba, bandani,
nikachukua kuku.
Mmoja.